Ĩ na Ũ: Herufi za Meru na Embu Zilizofichwa Simuni

Anayeandika mũtĩ kwa Kimeru, au mũndũ kwa Kiembu, anahitaji herufi mbili ambazo Kiswahili hakina. Lugha hizo zina irabu saba, na mbili za ziada huandikwa kwa kiwimbi kichwani: ĩ na ũ. Kiwimbi hicho si pambo. Ukikiondoa, irabu mbili tofauti zinabaki na sura moja na msomaji anaachiwa kubahatisha.

Shida ilionekana mapema, enzi za mulika mwizi, simu ndogo za vitufe. Mfumo wa ujumbe mfupi wa GSM uliundwa Ulaya, na orodha yake ya msingi ya herufi ilitosheleza mahitaji ya huko: ñ ya Kihispania, ø ya Kidenishi, herufi kubwa za Kigiriki. Hata ì na ù za Kiitaliano zimo. Ĩ na ũ hazimo. Ujumbe wa orodha hiyo hubeba herufi 160, lakini ukiingiza ũ moja tu, simu hubadilisha usimbaji wa ujumbe wote na nafasi hushuka hadi 70. Tangazo la harambee lenye herufi 150 huvunjika vipande vitatu, na mtandao huvihesabu kama jumbe tatu. Mwenye salio dogo aliandika bila kiwimbi, na vijana waliojifunza kuandika simuni wakazoea hivyo.

Usidhani mafundi hawakuzijua herufi hizi. Mwaka 1988 ziliwekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 8859-4, kilicholenga Ulaya ya kaskazini pamoja na lugha ya Greenland, kisha zikaingia Unicode, kiwango cha herufi za kompyuta, mwaka 1991. Kivietinamu nacho huzitumia kila siku. Simu nyingi za Samsung huunganishwa Vietnam, na ukichagua kibodi ya Kivietinamu, kiwimbi kinapatikana. Kwa hiyo herufi ya Meru imo ndani ya simu iliyo mfukoni mwa mtu wa Makutano, mjini Meru. Mwenye simu ndiye hajaonyeshwa ilipo.

Mwaka 2010 ulileta hatua kubwa ambayo wachache waliisikia. CLDR, hazina ya Unicode inayoziambia kompyuta namna ya kuandika tarehe, miezi na sarafu za kila lugha, ilipokea lugha nyingi za Afrika kwa mpigo. Kimeru kilipewa alama mer, Kiembu ebu. Lugha nyingine za Kenya ziliingia pamoja nazo: Kikamba, Kigusii, Kitaita, Kisamburu. Android 7.0 ilipotoka mwaka 2016 ikiwa na orodha pana zaidi ya lugha, majina Kĩmĩrũ na Kĩembu yakajitokeza humo, kiwimbi kikiwa mahali pake.

Naiona kazi hiyo kuwa ya heshima, na ndiyo maana kilichofuata kinaniuma. Kujaza data ya tarehe ni sehemu ndogo. Kutafsiri menyu nzima ni kazi ya watengenezaji wa mfumo na simu, na hao walisita. Kiswahili, Kiamhari na Kizulu vina menyu kamili za Android. Kimeru na Kiembu havina, ingawa sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 Embu. Baadhi ya kampuni hufupisha hata orodha yenyewe ya lugha, jina la lugha likapotea kabisa.

Kibodi ndiyo jeraha la kila siku. Kwenye simu nyingi, ukishikilia i ya kibodi ya Kiingereza, î yenye kofia hujitokeza, ĩ haionekani. Si ajabu kwamba maandishi mengi ya Kimeru mtandaoni yamejaa kofia badala ya viwimbi. Zipo kibodi za kupakua, lakini huzipakua yule tu ambaye tayari anajua kwamba zipo. Mwanafunzi wa Runyenjes kule Embu au Maua kule Meru hutumia ile aliyoikuta. Sikio lake lina redio za lugha yake, Wimwaro FM au Muuga FM, siku nzima. Kidole chake hakina herufi ya kujibu.

Ukitaka kuona tulipofika, chagua Kĩembu kwenye Android yenye orodha kamili. Kalenda itakuandikia Januari kwa ufasaha, Mweri wa mbere. Rudi kwenye mipangilio, na kila kitufe bado kinazungumza Kiingereza.