Habari ya Baragumu, Gazeti na Baraza Mlimani Kilimanjaro

Neno baraza lilitoka pwani. Kwanza lilikuwa jina la kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, hapo mwenye nyumba alipopokea wageni na kuzungumza nao. Baadaye likawa jina la mkutano wenyewe, hata likawa jina la wakuu wa nchi waketio kuamua. Neno hilo limepanda mpaka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, nalo lilikuta huko desturi za kale za kupashana habari. Twataka kuonyesha jinsi desturi hizo zilivyogeuka, na jambo moja lisilogeuka, yaani kwamba kuwatangazia watu si kushauriana nao.

Zamani Wachagga waligawanyika katika nchi ndogo nyingi, kila moja na mangi wake: Machame, Kibosho, Moshi, Marangu na nyinginezo, hata Rombo. Chini ya mangi walikuwapo wachili, wakubwa wa mitaa. Amri ya mangi ilishuka kwao, na baragumu ikalia kuwaita watu kazini au vitani. Walakini nchi haikuongozwa kwa baragumu tu. Mateto yalisemwa hadharani, wanaume wameketi uwanjani penye majani. Tena wale waliokunywa maji ya mfereji mmoja, uitwao mfongo, walikusanyika kupanga zamu na kazi ya kuutengeneza. Maji hayatii amri ya mtu mmoja. Mwenye shamba la chini sharti apatane na mwenye shamba la juu.

Siku za Waingereza wamangi walifanywa mkono wa serikali, na zao la kahawa likaleta mashauri mapya. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao wenyewe, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, KNCU. Ndipo ikatoka amri kwamba kahawa yote iuzwe kwa chama hicho tu. Yamkini amri hiyo ilikuwa na faida yake, kwa maana wakulima wauzao pamoja hupata nguvu mbele ya wanunuzi. Lakini ilishuka kama sauti ya baragumu, wala haikungoja jibu. Wengi walipoona malipo ni haba, hawakuwa na uwanja wa kuuliza sababu. Mwaka 1937 fujo ikazuka, na majengo ya chama yakashambuliwa mahali kadha wa kadha. Watu hawakukosa habari, maana amri waliijua sana. Walichokosa ni mahali pa kuijibu.

Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa mlima wote, naye akatawazwa mwaka 1952. Mwaka uliofuata Baraza la Wachagga likaanzisha gazeti, jina lake Komkya, maana yake kumekucha. Msomaji apendaye lugha ataona kwamba mzizi ni ule ule wa Kiswahili, ila mlimani k imekaa pale ambapo sisi twatamka ch. Jina lilikuwa la Kichagga, lakini maneno ya ndani yalikuwa ya Kiswahili. Nasi twaijua faida yake, kwa kuwa msemo wa Machame na msemo wa Rombo hutofautiana sana. Gazeti lilikuwa la wakubwa, la kueneza habari za baraza. Lakini barua za wasomaji nazo zilipigwa chapa, na watu wakahojiana humo juu ya mambo ya nchi yao. Baragumu yenyewe ilikuwa imepata masikio.

Hata cheo cha Mangi Mkuu kikawa shauri la watu wote. Wengine walisema mkuu atawale maisha yake. Wengine wakataka achaguliwe kwa muda. Mwaka 1960 shauri likaamuliwa kwa kura, wala si kwa fujo kama zile za 1937: cheo hicho kikakoma, na pakawekwa rais wa kuchaguliwa. Gazeti lilikoma mwaka 1961, na mamlaka ya wamangi yakaondolewa na sheria ya mwaka 1963.

Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa sheria hizo kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamume kwa mwanamke, ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Na huko ndiko halmashauri ya kijiji itoapo hesabu ya mapato na matumizi. Mjini Moshi watu hukutana kwa mitaa, neno lile lile la siku za wachili. Uwanja wa majani umepanuka, maana wanawake nao wameketi.

Basi tuyapime maneno yetu tunapofundisha. Tangazo ni neno la upande mmoja. Shauri halitimii mpaka wa pili amejibu. Mkutano ambao watu huitwa ili wasomewe tu, ni baragumu ingawa umeitwa baraza.