Dawa za Kudhibiti Mdundo wa Moyo na Jaribio la CAST: Historia ya Nadharia Tete Iliyoanguka, 1914–1992

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba mara nyingi huandikwa kama masimulizi ya mafanikio: ugonjwa unatambuliwa, chanzo chake kinafumbuliwa, dawa inapatikana, na wagonjwa wanaokoka. Makala haya yanachunguza tukio lililokwenda kinyume cha mkondo huo. Katika muongo wa 1980, wagonjwa wengi waliowahi kupata mshtuko wa moyo nchini Marekani walipewa dawa za kutuliza mapigo ya ziada ya moyo kwa matarajio kuwa zingewakinga na kifo cha ghafla. Mwaka 1989 jaribio la kitabibu lijulikanalo kwa kifupi kama CAST lilionesha kuwa baadhi ya dawa hizo zilikuwa zikiongeza vifo. Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: kwa nini madhara makubwa kiasi hicho hayakutambuliwa mapema na madaktari waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa hao kila siku? Hoja inayojengwa ni kwamba tatizo halikutokana na uchache wa maarifa pekee. Lilitokana zaidi na namna dalili ya ugonjwa ilivyochukuliwa kuwa ndiyo chanzo cha kifo, na namna huduma ya kawaida ya hospitali ilivyokosa kipimo cha kutenganisha kifo kilichosababishwa na ugonjwa na kile kilichosababishwa na dawa.

2.0 Kutoka Kwinini hadi Kwinidini

Chimbuko la dawa hizi linahusiana na malaria. Mwaka 1914 daktari Mholanzi Karel Frederik Wenckebach alieleza habari za mfanyabiashara aliyesumbuliwa na mdundo wa moyo uliovurugika. Mgonjwa huyo, ambaye alikuwa amezoea kutumia kwinini kwa ajili ya malaria, alidai kuwa dawa hiyo iliweza kurudisha mapigo yake katika hali ya kawaida. Wenckebach hakuamini mara moja, lakini mgonjwa alithibitisha dai lake kwa vitendo. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani alilinganisha viambata vya gome la mti wa sinkona na kubaini kuwa kwinidini, ambayo ni ndugu wa karibu wa kwinini, ndiyo iliyofanya kazi vizuri zaidi.

Kwa miongo kadhaa kwinidini ilitumika zaidi kwa kasoro za mdundo wa vyumba vya juu vya moyo. Hata hivyo, wapo wagonjwa waliozimia au kufa ghafla wakiwa katika tiba hiyo. Mwaka 1964 Selzer na Wray walichapisha ushahidi kuwa baadhi ya matukio hayo yalitokana na mtikisiko hatari wa ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo, uliotokea wakati mgonjwa akitumia kwinidini. Hivyo basi, uwezekano wa dawa ya mdundo kuzua mdundo mbaya zaidi ulikuwa umeandikwa miaka 25 kabla ya matokeo ya CAST. Onyo hilo lilifahamika, ila lilichukuliwa kuwa linahusu wagonjwa wachache wenye bahati mbaya na dawa moja ya zamani.

3.0 Kuzaliwa kwa Nadharia Tete ya Mapigo ya Ziada

Mambo mawili ya mwanzoni mwa muongo wa 1960 yalibadili mtazamo wa tiba ya moyo. La kwanza ni kuanzishwa kwa wodi maalumu za wagonjwa wa mshtuko wa moyo, ambamo umeme wa moyo ulifuatiliwa usiku na mchana. La pili ni kifaa cha Norman Holter, kilichoelezwa mwaka 1961, ambacho mgonjwa aliweza kukivaa huku kikirekodi mapigo yake kwa saa nyingi. Kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuhesabu mapigo ya ziada ya ventrikali kwa kila saa.

Hesabu hiyo ilipatiwa maana. Mwaka 1971 Bernard Lown na Marshall Wolf walipendekeza ngazi za kupanga mapigo hayo kwa kadiri ya hatari iliyodhaniwa. Tafiti za uchunguzi zilizofuata, ikiwemo ile ya Ruberman na wenzake ya mwaka 1977, zilionesha kuwa waliopona mshtuko wa moyo na kubaki na mapigo ya ziada ya aina fulani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Matokeo hayo yalikuwa sahihi, na yamebaki kuwa sahihi. Kilichokosewa ni hatua iliyofuata. Ikiwa mapigo ya ziada hutangulia kifo, ilidhaniwa, basi kuyaondoa ni kuondoa kifo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nadharia tete hii ilikwenda mbali zaidi na kudhani kuwa anayefukuza mawingu machache aliyoyaona amekwisha kuizuia dhoruba.

4.0 Dawa Mpya na Soko Lake

Utafiti wa maabara ulikuwa umepiga hatua. Mwaka 1970 Vaughan Williams wa Oxford aliweka msingi wa kuzipanga dawa za mdundo kwa kufuata namna zinavyofanya kazi katika seli za moyo. Kundi la kwanza lilihusisha dawa zinazozuia njia za sodiamu, yaani milango midogo katika utando wa seli ambayo huruhusu chembe za sodiamu kuingia na kuanzisha msukumo wa umeme. Flekainidi na enkainidi zilikuwa miongoni mwa dawa zenye nguvu kubwa katika kundi hilo. Flekainidi iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 na enkainidi mwaka 1986. Zote mbili zilipunguza mapigo ya ziada kwa kiwango ambacho kwinidini haikuweza kukifikia.

Ikumbukwe kuwa idhini hiyo ilijengwa juu ya ushahidi wa kupungua kwa mapigo. Haikujengwa juu ya ushahidi wa kurefuka kwa maisha. Idhini ililenga wagonjwa wenye kasoro za mdundo, lakini kwa vitendo matumizi yalienea hata kwa watu ambao hawakuhisi dalili yoyote.

Wakati huohuo ishara za tahadhari ziliongezeka. Mwaka 1982 Velebit na wenzake, Lown akiwa mmoja wao, walieleza jinsi dawa za mdundo zilivyoweza kuchochea au kuzidisha kasoro zilezile zilizokusudiwa kutibiwa. Mapitio ya Furberg ya mwaka 1983 hayakupata uthibitisho kuwa dawa hizo zilipunguza vifo baada ya mshtuko wa moyo. Mwaka 1984 jaribio la meksiletini lilionesha kuwa mapigo ya ziada yalipungua ilhali vifo havikupungua. Kila ushahidi ulipata maelezo: dawa iliyotumika ilikuwa dhaifu, idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, au kipimo hakikufaa. Nadharia tete yenyewe haikuguswa.

5.0 Jaribio la CAST

Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani ilidhamini jaribio lililoanza kuandikisha wagonjwa mwaka 1987. Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Wagonjwa wote walikuwa wamepata mshtuko wa moyo na walikuwa na mapigo ya ziada bila dalili kubwa. Kwanza kila mmoja alijaribiwa dawa hadi ilipothibitika kuwa mapigo yake yamedhibitiwa. Ni wale tu ambao dawa iliwafaa kwa kigezo hicho waliogawanywa kwa nasibu, baadhi wakaendelea na dawa, wengine wakapewa plasebo, yaani kidonge kisicho na kiambata cha tiba. Kwa maneno mengine, jaribio liliipa nadharia tete nafasi bora kabisa ya kuthibitika. Matarajio yalikuwa makubwa kiasi kwamba hesabu za awali zilipangwa kupima manufaa tu, si madhara, na wapo madaktari walioona kuwa si haki kumnyima mgonjwa dawa kwa kumpa plasebo.

Mwezi Aprili 1989 matumizi ya flekainidi na enkainidi katika jaribio yalisitishwa. Ripoti ya awali iliyochapishwa Agosti mwaka huohuo ilionesha kuwa, katika ufuatiliaji wa wastani wa miezi 10, wagonjwa 33 kati ya 730 waliotumia dawa hizo mbili (asilimia 4.5) walikufa kwa kasoro ya mdundo au moyo wao ulisimama kisha wakaokolewa. Katika kundi la plasebo walikuwa 9 kati ya 725 (asilimia 1.2). Vifo vya sababu zote vilikuwa 56 dhidi ya 22. Ripoti kamili ya mwaka 1991 ilithibitisha mwelekeo huo: vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, na 26 kati ya 743 waliopewa plasebo. Dawa ya tatu, morisizini, iliendelea kuchunguzwa katika awamu ya pili. Nayo ilisitishwa baada ya kuonesha vifo vingi zaidi katika siku 14 za kwanza za matumizi, kama ilivyoripotiwa mwaka 1992.

6.0 Maelezo ya Chanzo na Sababu za Kuchelewa

Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu kovu la mshtuko wa moyo. Msuli ulioathirika hupitisha umeme polepole na kwa njia zisizo sawa. Dawa inayozuia njia za sodiamu hupunguza zaidi kasi hiyo, hasa pale ambapo damu haifiki vya kutosha. Msukumo wa umeme unaweza basi kulizunguka kovu na kurudi ulikotoka, ukazua mzunguko usiokoma. Dawa hiyohiyo inayozima pigo moja la ziada inaweza kuandaa mazingira ya mtikisiko unaoua.

Maelezo haya, hata hivyo, hayajibu swali la kuchelewa. Jibu limo katika kundi la plasebo lenyewe: watu 22 walikufa pasipo kutumia dawa hizo. Kifo cha ghafla kilikuwa sehemu ya ugonjwa. Daktari aliyepoteza mgonjwa aliona kwamba ugonjwa umeshinda tiba. Daktari ambaye mgonjwa wake aliishi, akiwa na mapigo yaliyotulia, aliona kwamba tiba imeshinda ugonjwa. Katika hali zote mbili imani juu ya dawa ilibaki salama. Hakuna jicho la daktari mmoja, hata liwe na uzoefu gani, lingeweza kuona vifo vya ziada vilivyotawanyika katika mamia ya hospitali.

7.0 Hitimisho

Baada ya CAST, enkainidi iliondolewa sokoni mwaka 1991. Flekainidi haikutoweka, hadi leo hutumika kwa kasoro za vyumba vya juu kwa wagonjwa ambao moyo wao hauna kovu wala udhaifu wa msuli. Mkasa huu, kwa hiyo, hauthibitishi kuwa dawa hiyo ni sumu kwa kila mtu. Unathibitisha kuwa dawa na mgonjwa hupimwa pamoja. Kwa waliopata mshtuko wa moyo, vizuia-beta, ambavyo jaribio la mwaka 1982 lilikwisha kuonesha kuwa hupunguza vifo, na baadaye vifaa vya kurekebisha mdundo vinavyopandikizwa mwilini, vilishika nafasi iliyoachwa wazi.

Kwa mwanahistoria wa tiba, fundisho kubwa liko katika uhusiano wa kiashiria na uhai. Mapigo ya ziada yalihesabika kwa urahisi, yalipungua kwa urahisi, na kupungua kwake kulionekana katika karatasi ya kipimo. Vifo vilihitaji watu wengi, muda mrefu na kundi la kulinganishwa. Kilichokuwa rahisi kupimwa kilichukua nafasi ya kile kilichokusudiwa, na gharama ya kubadilishana huko ililipwa na wagonjwa ambao, kwa mujibu wa vipimo vyao, walikuwa wakiendelea vizuri.