Itote, Waruhiu (1922–1993): Askari wa Burma Aliyeandika Vita

Waruhiu Itote, ambaye jina lake la msituni lilikuwa Jenerali China, alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mwaka 1942 aliingia jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Ceylon na kisha Burma kupigana na Wajapani. Aliporudi alifanya kazi katika reli, akaingia katika harakati za siri, na hatimaye akaongoza wapiganaji wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya hadi alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo, akawekwa Lokitaung alikokuwa Jomo Kenyatta, akaachiliwa mwaka 1962. Ameacha vitabu viwili: “Mau Mau” General cha 1967 na Mau Mau in Action cha 1979. Vyote viwili huhesabiwa kuwa vitabu vya Mau Mau, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Kile cha kwanza ni kitabu cha askari mstaafu wa Vita Kuu ya Pili, na anayeruka sura za Burma ili afike haraka msituni hataelewa kilichompeleka mtu huyu msituni.

Ushahidi umo katika namna alivyokipanga kitabu chenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua, matope na malaria, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Kwa Itote, mambo makubwa ya safari hiyo ni mazungumzo. Askari Mwingereza anamuuliza anapigania nini hasa, maadamu nchi yake si yake. Askari Mmarekani mweusi anayekutana naye Calcutta anamweleza habari za Haiti na watu weusi waliojikomboa wenyewe. Anakumbuka pia kwamba risasi zilipokuwa zikivuma, Mzungu na Mwafrika walikunywa chai ileile na kutumia maji yaleyale, na majivuno yalikuwa yametoweka. Yote hayo yamewekwa mbele kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kipimo atakachotumia baadaye kuipima Kenya. Usawa aliuona kwa macho yake kabla ya kuudai, na alipovua sare akakuta vizuizi vya rangi viko palepale alipoviacha.

Msomaji wa Silibwet, katikati ya majani chai ya Bomet, ana haki ya kuuliza: vita vya Nyeri vinatuhusu nini? Jibu liko kwenye ardhi anayoiona akielekea Kericho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa maofisa wa Kizungu waliorudi vitani. Kericho ilianzishwa koloni ya maofisa walemavu, takribani ekari 25,000 zilizotolewa katika nchi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyohivyo hawakuwekwa kwenye mgao huo. Kwa hiyo swali la Itote, yaani nani hulipwa baada ya vita na nani huambiwa arudi kijijini, lilikwisha kujibiwa Kericho miaka ishirini na zaidi kabla yeye hajavaa sare. Kitabu cha mtu wa Nyeri ndicho kinachotusaidia kuisoma ramani ya nyanda zetu za chai.

Yapo mapingamizi mazito. La kwanza ni la wanahistoria wanaokataa kwamba maaskari wa Burma ndio waliozaa Mau Mau. Wanasema kiini kilikuwa ardhi, maskwota wa Bonde la Ufa na ukosefu wa kazi Nairobi, na kwamba wapiganaji wengi walikuwa vijana wasiowahi kushika bunduki ya serikali. Nakubaliana nao. Lakini kitabu cha mtu mmoja hakidai kueleza chanzo cha vita vyote. Kinaonyesha jinsi fikra za mmoja wa viongozi zilivyokomaa, na kwa hilo hakuna faili ya serikali inayoweza kushika nafasi yake.

La pili ni gumu zaidi. Baada ya kukamatwa, Itote alihojiwa kwa muda mrefu na Ian Henderson wa polisi, kisha akakubali kusaidia mazungumzo ya kuwashawishi wenzake wajisalimishe. Mazungumzo hayo yalivunjika, na kuna waliomwita msaliti. Isitoshe, alipochapisha kitabu mwaka 1967 alikuwa mkubwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, ndani ya serikali ya Kenyatta. Ni mwandishi anayejitetea, na mwenye sababu za kupima maneno. Msomaji makini asiyachukue maelezo yake ya mwaka 1954 bila kuyalinganisha na ya wengine. Hata hivyo, shaka hiyo inagusa msitu na kifungo zaidi kuliko Burma. Katika sura za Burma hana mashtaka ya kujibu, na hapo ndipo naona aandika kwa uhuru mkubwa zaidi.

Limebaki pengo ambalo Itote hawezi kulijaza. Miongoni mwa waliomwinda msituni walikuwamo askari wa Keya, na katika vikosi vya Kenya vya miaka hiyo Wakalenjin na Wakamba walikuwa wengi. Baadhi yao walikuwa wamepita Burma kama yeye. Walijifunza kwa makamanda walewale, wakaja kuwindana na mwenzao wa vita. Simulizi za upande huo zimebaki zaidi midomoni mwa wazee wa Bomet, Sotik na Kericho, na wengi wao wameshaondoka. Wajukuu wenye vyeti vya kustaafu, medali na picha za sare ndani ya masanduku ya nyumbani wasisubiri mtafiti wa mbali: wawaketishe waliobaki, wanakili majina ya vikosi, vituo na miaka, kwa Kipsigis au kwa Kiswahili, na nakala moja waiweke maktabani.