Coup d'État: Pigo Litokalo Ndani ya Dola

Mwaka 1639, mjini Roma, kilichapishwa kitabu cha Kifaransa ambacho dibaji yake ilidai kuwa zimetolewa nakala 12 tu. Mwandishi wake, Gabriel Naudé, alikuwa msomi aliyemtumikia kadinali wa Kiitalia, na baadaye ndiye aliyeijenga maktaba mashuhuri ya Kadinali Mazarin jijini Paris. Kitabu kilihusu coup d'État, na maana aliyoieleza itamshangaza msomaji wa leo. Kwa Naudé, mtenda coup d'État ni mfalme mwenyewe.

Coup ni pigo, État ni dola. Lakini pigo la dola laweza kuwa pigo linalopigwa na dola, au pigo linaloiangukia dola. Naudé alikusudia lile la kwanza: tendo la ghafla, nje ya sheria na taratibu za haki, ambalo mtawala hulifanya kwa siri akidai kulinda maslahi ya umma. Katika mambo ya kawaida, alieleza, sababu hutangazwa kwanza na tendo likafuata. Katika coup d'État radi hupiga kabla ya ngurumo kusikika. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuyaona mapigo ya namna hiyo. Desemba 1588, Mfalme Henri III aliamuru walinzi wake wamuue Duke wa Guise ndani ya kasri la Blois. Agosti 1572, chini ya Charles IX, maelfu ya Waprotestanti walichinjwa katika mauaji yaliyoanza usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo. Naudé aliyatetea mauaji hayo, na lawama yake ilikuwa kwamba kazi haikukamilishwa.

Maana hiyo ilisimama maadamu mfalme na dola vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mapinduzi ya 1789 yalivitenganisha. Mamlaka yalitangazwa kuwa ya taifa, katiba ikaandikwa, na kila mwenye cheo akawa mtumishi wa sheria iliyo juu yake. Tangu hapo, mtawala aliyevunja katiba alikuwa akiipiga dola aliyokabidhiwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 18 Brumaire, kwa kalenda ya Jamhuri, yaani 9 Novemba 1799. Watu humkumbuka Jenerali Napoleon Bonaparte, lakini mpango ulisukwa na Sieyès, mmoja wa wakurugenzi watano waliokuwa wakiitawala Ufaransa. Mabaraza mawili ya kutunga sheria yalihamishiwa Saint-Cloud, nje ya Paris, kwa kisingizio cha njama. Baraza la Mia Tano lilikuwa likiongozwa na Lucien, mdogo wake jenerali. Kesho yake wabunge walipokaidi, Lucien aliwaendea askari akawahimiza, nao wakaingia ukumbini na bayoneti.

Miaka 52 baadaye, mpwa wa Napoleon aliufanya msemo huo ujulikane dunia nzima. Louis-Napoléon alikuwa amechaguliwa rais mwaka 1848 kwa kura zaidi ya milioni tano. Katiba ilimkataza kugombea tena mara muhula wake ukiisha, na Julai 1851 Bunge lilishindwa kupata wingi wa robo tatu uliohitajika kuibadili. Akachagua usiku wa kuamkia 2 Desemba, siku ya kumbukumbu ya kutawazwa kwa ami yake na ya ushindi wa Austerlitz. Matangazo yalichapwa katika kiwanda cha uchapaji cha serikali chini ya ulinzi wa askari, maandishi yakiwa yamekatwa vipande ili mchapaji asijue anachapa nini. Alfajiri majenerali na wabunge walikamatwa vitandani mwao. Mbunge Baudin aliuawa kwenye kizuizi cha mtaani tarehe 3, na kesho yake askari wakawafyatulia risasi raia barabarani. Watu zaidi ya 26,000 walikamatwa, na maelfu wakapelekwa Algeria. Victor Hugo alikimbilia uhamishoni, asirudi hadi 1870. Radi ya Naudé ilipiga vilevile, ila safari hii waathirika waliiita jinai.

Afrika yetu iliupokea msemo huu pamoja na katiba changa za uhuru. Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba ya Uganda. Mei, jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka Mutesa II, aliyekuwa rais wa nchi. Mwaka 1971 Obote naye alipinduliwa, akiwa Singapore, na Idi Amin, kamanda aliyempandisha mwenyewe. Nchini Burundi, Julai 1966, mwana wa mfalme alimwondoa baba yake, Mwambutsa IV, akawa Ntare V; Novemba hiyohiyo waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, akaufuta ufalme wenyewe wakati mfalme akiwa ziarani Kinshasa. Huko Kinshasa Mobutu alikuwa akiadhimisha mwaka mmoja tangu atwae madaraka, naye alikuwa mkuu wa jeshi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kiswahili hutumia neno mapinduzi kwa umma unaoung'oa utawala na kwa ofisa anayemng'oa mkubwa wake. Ili kutofautisha, magazeti huongeza "ya kijeshi". Nyongeza hiyo inasaidia, lakini inatuelekeza kutazama magwanda tu. Sieyès alikuwa padri, Louis-Napoléon rais aliyepigiwa kura, Obote mwanasiasa wa kiraia. Wote walihitaji bunduki, lakini hakuna hata mmoja aliyeanzia kambini.

Kwa hiyo maana ya Naudé haijafa. Msemo ulibadili sifa yake, kutoka hekima ya mfalme hadi jinai dhidi ya taifa, lakini mtendaji amebaki mtu wa ndani: mwenye muhuri, mwenye amri, mwenye funguo za kiwanda cha uchapaji. Mlango wa kulindwa kwanza ni ule wa ofisi yenyewe. Ukomo wa muhula, bunge lisilotishwa na jeshi linalotii sheria kuliko mtu ndizo ngao za raia. Rais anayejiongezea muda kwa hila anastahili kuitwa kwa jina lilelile tunalompa kapteni mwenye kifaru, tena aitwe mapema, matangazo yangali hayajabandikwa.