Siku jembe liliitwa silaha ku redio ya Bunia



Juzi odio moja iliingia katika kikundi chetu cha WhatsApp huku Mahagi. Mtu alikuwa anasema kwa upole, sawa vile mzee anaongea na watoto wake: "Wapendwa, shamba yetu imeingia majani mubaya. Tusipong'oa mapema, itatumaliza." Alikuwa anasema juu ya wakimbizi waliotoka Djugu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka kidole ili niitume kwa wengine. Juu nilisoma agronomia, mfano wa shamba ulinipendeza. Kumbe mfano ule una historia kwetu.

Turudi Agosti 1998. Vita ilianza tarehe 2 mwezi ule. Bunia ilikuwa ingali mikononi mwa serikali ya Kinshasa, na redio ya pale iliwaita wasikilizaji wachukue vitu vya kuwaua Watutsi wa Rwanda. BBC iliyanasa maneno yale na kuyatangaza duniani. Vitu vilitajwa kimoja kimoja: panga, mkuki, mshale, jembe, beleshi, rato, misumari, mawe, hata pasi ya nguo.

Angalia ile orodha vizuri. Askari yuko na bunduki, hana haja ya rato. Orodha ilitengenezwa kwa mkulima, kwa fundi, kwa mama wa nyumbani. Kila mtu alisikia kitu kimoja chenye kuwa kwake nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema "mimi hainihusu". Na katikati ya maneno yale, msemaji aliwaita "wapendwa wasikilizaji". Upendo na pasi ya kuua, katika sentensi moja.

Rwanda walikuwa wameyaona hayo tayari. Redio RTLM ilianza Julai 1993. Vijana waliipenda, juu ilipiga muziki ya Zaire na watangazaji wake walichekesha watu. Mtu akishazoea kucheka na wewe, hakuchunguzi tena. Halafu Watutsi wakaitwa "inyenzi", maana yake mende, na kuua kukaitwa "gukora", maana yake kufanya kazi. Mende haulizwi kosa lake. Kazi nayo haina dhambi. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio ile, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti Kangura. Lakini wafu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Basi nilisikiliza ile odio mara ya pili, na kalamu mkononi. Anayesema ni nani? Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna tarehe. Hao wakimbizi walifanya nini? Hakuna hata tendo moja: hasemi nani aliiba, nani alichoma nyumba. Anataka nifanye nini? "Ning'oe", tena "mapema", yaani kabla sijafikiri. Na sisi wa agronomia tunajua: jani baya halipelekwi mahakamani. Neno lilikuwa limeshakata hukumu, mimi nilikuwa naombwa mikono tu.

Niliandika katika kikundi: "Huyu ni nani? Nani alifanya nini, siku gani, wapi?" Kimya. Yaya mmoja akajibu: "Mdogo wangu, usilete siasa hapa." Kweli, nilisikia haya.

Usiku mwenzetu mmoja aliniandikia pembeni. Yeye alikuwa ameshatuma odio ile katika vikundi vitatu, kimoja ni cha kwaya yao. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia apeleke maswali yale yale kule kule. Alipeleka. Kikundi kimoja walimtoa. Katika kwaya, mama mmoja alijibu: "Hata mimi sijui ni nani anasema. Nafuta."

Odio ya namna hiyo ikifika kwako, uliza kwanza, kidole kitangoja.