Kutoka Rosario hadi Santiago: Miaka 75 ya Tenisi ya Wanawake katika Michezo ya Pan American

Michezo ya Pan American ilipoanza Buenos Aires mwaka 1951, tenisi ya wanawake kwa mchezaji mmoja mmoja ilikuwemo, na dhahabu ya kwanza ilibaki nyumbani. Aliyeitwaa ni Mary Terán de Weiss, mzaliwa wa Rosario, Argentina. Katika maadhimisho haya ndiye anayestahili kutangulia.

Mary hakuishia uwanjani. Enzi za Rais Juan Perón alisimamia viwanja vya michezo vya jiji la Buenos Aires, akapigania tenisi itoke kwenye klabu za matajiri iwafikie watoto wa walalahoi. Hilo lilimponza. Wanajeshi walipompindua Perón mwezi Septemba 1955, mali za Mary zilichukuliwa, wakuu wa tenisi wakamfungia milango, naye akaenda kuishi uhamishoni. Aliporejea na kutaka kucheza tena, wenzake walikataa hata kusimama upande wa pili wa wavu. Alifariki mwaka 1984. Leo uwanja mkubwa wa tenisi wa Parque Roca, Buenos Aires, una jina lake; heshima aliyopaswa kuiona kwa macho yake.

Chicago 1959 ilikuwa zamu ya Althea Gibson, Mmarekani mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon. Mataji makubwa alikuwa nayo tayari, lakini tenisi ya ridhaa haikumlipa, na baada ya dhahabu hiyo akaingia kwenye mchezo wa kulipwa. Mwaka 1963 Maria Bueno alishinda São Paulo, mjini kwao. Mbrazili mwenzake, Gisele Miró, alifuata Indianapolis 1987. Kisha Milagros Sequera wa Venezuela akashinda 2003 na kurudia 2007.

Siku hizi medali hii inabeba pia tiketi ya Olimpiki, jambo kubwa kwa wachezaji wa Amerika Kusini, ambao mashindano mengi ya kusaka pointi yako mbali na kwao. Nadia Podoroska, naye wa Rosario, alishinda Lima 2019 na kujihakikishia Tokyo. Mwaka uliofuata alianzia raundi za mchujo Roland Garros, akafika nusu fainali.

Santiago 2023, Laura Pigossi alimfunga Lourdes Carlé wa Argentina 6-2, 6-3. Brazil ilikuwa imeisubiri dhahabu hiyo miaka 36, tangu Miró. Mwaka uliofuata wote wawili, mshindi na mshindwa, walicheza Olimpiki ya Paris.