Mgonjwa Alalaye Kwake

Watu wengi hudhani kwamba upasuaji na kitanda cha hospitali ni ndugu wasioachana: akatwaye hulazwa, na alazwaye hukaa siku nyingi. Dhana hiyo ni changa kuliko ionekanavyo. Madhumuni ya insha hii ni kuonyesha, kwa mfano wa mkoa wa Mara, kwamba upasuaji wa kwenda na kurudi siku ile ile una historia ndefu, na kwamba usalama wake haukutegemea kamwe wepesi wa kisu peke yake, bali pia ulinzi wa mgonjwa baada ya kisu kuwekwa chini.

Tuanze nyumbani. Kabla Musoma haijawa na hospitali, Wakurya walikuwa na upasuaji wao, yaani jando. Kijana alisimama mbele ya ngariba, akakatwa bila ganzi, naye akatakiwa asionyeshe hofu. Kazi ya ngariba ilikwisha upesi, lakini kijana hakuachwa peke yake. Alikuwa na wa kumwangalia mpaka kidonda kikapona. Si haki kuusifu utaratibu huo kupita kiasi, maana kisu kimoja kipitacho kwa wengi huchukua maradhi. Wala sifa hii haiwahusu wasichana: ukeketaji hauponyi kitu, na sheria ya mwaka 1998 iliufanya kuwa jinai kwa walio chini ya miaka 18.

Huko ng'ambo mambo yalikwenda kwa mzunguko. Mwaka 1846 nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, na mwaka 1867 Joseph Lister alieleza namna ya kuzuia vidonda visioze. Kwa elimu hizo mbili upasuaji ulizidi kuhamia hospitali, na vitanda vikajaa. Ndipo James Nicoll, daktari wa watoto mjini Glasgow, alipotangaza mwaka 1909 kwamba katika muda wa miaka 10 watoto 8,988 walipasuliwa bila kulazwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto mchanga hutulia vema zaidi mikononi mwa mama yake. Lakini Nicoll hakuwatupa watoto njiani. Wauguzi waliwafuata majumbani, na karibu na hospitali palikuwa na nyumba ya akina mama na wachanga wao. Wengi hukumbuka hesabu ya Nicoll. Wachache huwakumbuka wauguzi wake.

Mzunguko huo ulifika Mara katika karne hii. Majaribio ya Orange Farm, Afrika Kusini, yaliyotangazwa mwaka 2005, na yale ya Kisumu na Rakai yaliyofuata, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliyapokea matokeo hayo, na Tanzania ilipochagua mikoa ya kuanzia, Mara ilikuwamo. Wakurya walikuwa na jando, lakini Wajaluo wa Rorya, ambao desturi yao ya kale ilikuwa kung'oa meno ya chini, hawakuwa nalo. Mwaka 2010 Shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuharakisha kazi: vitanda kadhaa katika chumba kimoja, vifaa vilivyofungwa tayari kwa kila mtu, na wauguzi waliofunzwa wakigawana kazi na daktari.

Huenda msomaji akasema kwamba haraka haraka haina baraka. Nami nakubali nusu. Haraka ya mikono iliyopangwa vema si hatari. Hatari ni haraka ya kusahau. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuulizwa kwa sauti kabla na baada ya kupasua: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, vifaa vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maneno machache yaliokoa watu bila kisu kipya.

Lakini orodha hiyo hukoma mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mwaka 2015 wataalamu walikutana Geneva kwa sababu ya pepopunda iliyowapata baadhi ya waliotahiriwa barani Afrika; katika mambo yaliyotiliwa shaka zilikuwamo dawa za kienyeji zilizopakwa kidondani nyumbani. Tumfikirie basi kijana apasuliwaye Musoma asubuhi, akarudi kijijini Butiama au Bunda jioni juu ya pikipiki. Damu ikitoka usiku wa manane, nani atamjibu? Je, zahanati ya jirani inajua kwamba amepasuliwa? Je, ameambiwa, kwa lugha aielewayo, asipake kitu, na arudi baada ya siku mbili?

Hapo ndipo kituo cha upasuaji wa siku moja hupimwa. Kupasua wengi kwa siku ni hesabu ya mchana. Kuamka kwao salama ni hesabu ya usiku, nayo ndiyo nzito. Jando la wazee lilikosa ganzi na usafi, lakini halikumkosesha kijana wa kukaa naye. Kituo chenye vyote viwili vya kwanza, kikakosa hicho cha tatu, bado hakijamaliza kazi yake.